Fungu Lisiloandikwa

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa kuwaonea, lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule bosi aliyekuwa akiisimamia bahari kutoka ghorofa ya nne katikati ya London, dirisha lake likitazama kituo cha basi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesoma historia ya Warumi, ana viatu vizuri. Bahari aliijua kwa likizo. Siku yangu ya kwanza kazini alinionesha ramani kubwa ukutani, akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekwisha mnunua, akaniambia kwamba maji yote yale sasa ni yetu.

Niliitazama ramani. Mimi ni mzaliwa wa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Nilizaliwa nchi yangu imekwisha kuungana na nyingine, na nimekulia katika nyumba ambayo habari za muungano zilizungumzwa kila siku pamoja na chai ya jioni. Kwa hiyo Waingereza walipojitoa katika umoja wao na majirani wa ng'ambo, wakaanza kuzungumza kana kwamba wao ndio watu wa kwanza duniani kugombana na mwenzi wa nyumba moja, mimi nilikuwa mtu mzima. Nilijua kwamba siku ya kutengana watu hupiga makofi, na kesho yake asubuhi huuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Ufunguo wao ulikuwa samaki. Kwa miaka mingi mipango ya nani avue nini na wapi ilikuwa ikifanywa kwa pamoja huko ng'ambo, na magazeti ya huku yakilia kwamba wageni wanakula samaki wetu. Sasa samaki wamerudi, na ofisi ya serikali ya uvuvi ikagundua kwamba haina watu wa kuwaandikia karatasi. Wakaajiri kwa pupa. Mimi nilikuwa na shahada ya takwimu na mkataba wa muda uliokuwa ukimalizika katika halmashauri ya mtaa, nilikokuwa nikihesabu mapipa ya taka. Katika usaili hawakuniuliza hata kama nimewahi kumwona samaki akiwa hai. Waliniuliza nielezee wakati ambapo nilifanya kazi vizuri na wenzangu.

Shoga yangu mmoja wa Woolwich, muuguzi, alitangaza habari zangu harusini kwamba nimekuwa mkubwa wa bahari ya Uingereza, na watu wazima wakaja kunipa mkono. Sikuwakatalia. Ukubwa wenyewe ulikuwa kupanda treni Walthamstow asubuhi, inapoanzia, ambako angalau unapata kiti, kwenda kukaa mbele ya kompyuta, na jioni kurudi kununua samaki aina ya changu waliogandishwa kutoka Omani katika duka la pembeni ya soko. Samaki wa bahari niliyoisimamia sikuwaona hata siku moja. Waingereza wenyewe hawawataki. Wanakula aina tatu au nne tu, tena wakiwa wamevikwa unga wasije wakaonekana kuwa ni samaki. Bosi wangu kila Alhamisi alikula wali wa Kijapani wenye vipande vya samaki wa Norwe, huku akinieleza uhuru wa bahari.

Kazi niliyopewa mwaka wa pili ilikuwa ya konokono. Si mzaha. Kuna konokono wa baharini, wakubwa kama ngumi ya mtoto, wanaotegwa kwa madema, yaani mitego midogo ya plastiki, katika maji baridi karibu na mlango wa mto. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu, aliuliza:

"Hao watu wameachana na wenzao kwa sababu ya konokono?"

"Na samaki wengine, mama."

"Na hao konokono wanawala?"

"Hawawali. Wanawauzia haohao walioachana nao."

"Basi hiyo si talaka, mwanangu," akasema. "Hiyo ni kuhama chumba."

Mpango ulikuwa hivi. Konokono walikuwa wakipungua, na kwa kuwa sasa nchi ilikuwa na mamlaka yake, ofisi iliamua kutoa vibali. Mafungu, yaani miinuko ya mchanga chini ya maji, yenye konokono wengi yangefungwa kwa watu wote isipokuwa wale waliokwisha kuvua hapo miaka ya nyuma, na ushahidi ungekuwa daftari la safari. Kila nahodha hutakiwa kuandika alivua nini na katika mraba gani wa ramani. Ukionekana umeandika mraba wa fungu lile, unapata kibali. Hukuandika, huna chako. Bosi aliuita mpango huu wa haki kabisa, kwa sababu, alisema, hatuwapi watu chochote ila kile walichokisema wenyewe.

Nilipewa mafaili ya bandari moja ndogo ya pwani ya mashariki, mwendo wa saa mbili hivi kutoka London. Boti kumi na moja, zote fupi, za mtu na mwanawe au mtu na shemejiye. Nilifungua madaftari yao nikitazamia kazi ya wiki nzima, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana. Boti zote kumi na moja, kwa miaka yote, ziliandika mraba mmoja: ule wa mdomoni mwa bandari, ambao kwenye ramani umepakwa rangi ya tope. Hakuna konokono wa maana anayekaa pale. Na fungu zuri lililo mbali kidogo, ambalo wapimaji wetu walisema linavuliwa sana, halikuandikwa na mtu hata mmoja wa bandari ile.

Bosi alifurahi kuona kazi imekuwa nyepesi. Alisema wamevua kwenye tope, basi wabaki kwenye tope, niandike barua za kukataa. Hakujiuliza mara mbili inawezekanaje watu kumi na mmoja walishe familia zao miaka yote hiyo kwa tope. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi sikumwambia.

Nilikuwa nimejua tangu daftari la tatu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa madema, Mungu amrehemu. Aliyatosa baharini bila boya wala kamba ya kuonekana juu, na mahali alipaweka kichwani kwa alama za nchi kavu: mnara wa msikiti unapokaa juu ya mti wa mvinje wa skuli, na paa fulani linapojificha nyuma ya kisiwa. Akirudi na samaki wa kuwatamanisha watu, wakamuuliza amewapata wapi, alijibu "huku huku tu," akionesha kwa kidevu upande ambao hakwenda. Hakuna aliyeita huo uongo. Wote walifanya hivyo, na muulizaji alijua anajibiwa nini. Mtu angeweza kukupa mashua yake, akakupa binti yake umuoe, lakini mahali pake pa kutega hakupi.

Kumbe wazee wa pwani ya mashariki ya Uingereza, na nyuso zao nyekundu na bia zao, walikuwa ni watu wa namna ileile. Serikali iliwapa daftari waandike mahali, nao wakaiandikia serikali "huku huku tu." Nilicheka peke yangu chooni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile kuwaona watu ninaowafahamu.

Mmoja wao alikuja London kujitetea. Barua ya kukataliwa ilikuwa bado haijatoka, lakini alikwisha sikia fununu. Alikuwa mtu wa miaka sitini na zaidi, mfupi, mabega mapana, amevaa koti la suti lisilofungika, na kifuani ana beji ya samaki aliyevikwa bendera, ya wale waliopigia kura kujitoa. Alikuja na binti yake, msichana mrefu wa miaka kama ishirini na mitano aliyekuwa akitega naye. Boti ingekuwa ya binti huyo baba akistaafu, na kibali kingefuata boti. Bila kibali angerithi mbao na injini.

Niliteremka kuwapokea. Nikajitambulisha, nikasema mimi ndiye mwenye faili lao. Yule mzee alinitazama kuanzia kwenye mtandio hadi kwenye viatu, akamgeukia kijana wa mapokezi.

"Kuna mtu wa hapahapa ninayeweza kuzungumza naye?"

Binti yake alitazama sakafu. Mimi nilimwambia kwamba ni wa hapahapa, meza yangu iko ghorofa ya nne, nikawatangulia kwenye lifti. Sikuonesha chochote usoni. Lakini ndani nilichemka, na nilimdharau kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha. Nilimwona mtu aliyeivunja nyumba ili wageni watoke, na sasa mgeni ndiye ameshika ufunguo. Nyani haoni kundule. Binti aliambiwa asubiri nje, akabaki na makoti yao mapajani.

Chumbani tulikuwa watatu. Bosi alimpa mzee maji ya kunywa, akafungua faili, akamuuliza kwa upole kama ni kweli amevua katika fungu lile. Mzee akasema amevua pale tangu akiwa na miaka kumi na mitano, na baba yake kabla yake. Bosi akamuuliza kwa nini basi daftari linasema alikuwa kwenye tope. Mzee akasema hakuna mtu anayeandika mahali pake. Aliyasema hayo kama vile unavyosema kwamba hakuna mtu anayeoga uani kwa jirani.

"Kwa hiyo uliipa serikali taarifa zisizo za kweli?" bosi akauliza.

Hapo mzee alinaswa. Akisema ndiyo, amekiri kosa la kisheria. Akisema hapana, basi kweli alivua kwenye tope na fungu si lake. Dema huwa hivyohivyo, mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea hakuna. Alitazama mikono yake, halafu bosi, halafu kwa mara ya kwanza tangu mapokezi akanitazama mimi kama mtu.

Sasa bosi alijua kwamba baba yangu alikuwa mvuvi. Nilikuwa nimesema hivyo siku moja katika chakula cha mchana cha ofisi, kile ambacho kila mtu hutakiwa kueleza kwao, na tangu siku hiyo alikuwa akiwasimulia wageni, kama mtu anayeonesha kasuku wake. Akanigeukia, akifurahi kupata nafasi.

"Baba yako alikuwa mvuvi. Kwenu wavuvi huficha mahali wanapovua?"

Ilihitajika sentensi moja tu. Ningesema ndiyo, kwetu na kwingine kote, na kwamba daftari la mvuvi halifai kuwa ushahidi wa mahali. Kanuni zilituruhusu kupokea ushahidi mwingine, kama vile stakabadhi za wanunuzi, au ukubwa wa makombe, yaani maganda ya konokono, ambayo mtu wa konokono akiyatazama anajua yametoka wapi. Ilihitaji tu ofisa mmoja aseme kwamba desturi hiyo ipo. Nilimtazama yule mzee na beji yake.

"Kwetu hakuna madaftari," nikasema. "Siwezi kujua."

Bosi akaandika. Nikamsindikiza mzee. Tuliposimama kusubiri lifti, binti yake akiwa hatua chache nyuma anavaa koti, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba yako alimwambia nani mahali pake?"

"Hakumwambia mtu."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

"Basi ulijua," akasema.

Hakupandisha sauti wala hakunitukana. Lau angenitukana ningelala vizuri. Nilirudi mezani nikaandika barua ya kumkataa, yeye na wenzake kumi, Kiingereza safi, kila aya na namba yake, na wiki iliyofuata nikatia sahihi yangu kwa niaba ya bosi aliyekuwa amekwenda likizo, kwenye bahari ya watu wengine.

Walikuwa na siku ishirini na nane za kukata rufaa. Wote walikata. Kila asubuhi nikiwa kwenye treni nilijiambia nitaandika lile neno leo, na kila nikifika ofisini nilimsikia tena yule mzee akiuliza kama kuna mtu wa hapahapa, na mkono unagoma. Nilijiambia wamejitakia. Nilijiambia walipiga kura wenyewe, sikuwapigia mimi. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakunisaidia hata kidogo. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa nimemdharau bosi kwa kutojua, na mimi nilijua nikafanya kama yeye, basi katika sisi wawili mwenye afadhali alikuwa nani?

Wiki ya mwisho niliandika. Ukurasa mmoja, mzuri ambao mfano wake sijauandika tena katika Kiingereza. Nilieleza kwamba wavuvi wadogo popote pale hawataji mahali pao, kwamba boti zote kumi na moja ziliandika tope kwa sababu kila mmoja alikuwa akiwaficha wengine kumi, kwamba hiyo ni adabu ya kazi na si udanganyifu. Nikashauri stakabadhi na makombe vitazamwe. Nikaeleza habari za baba yangu na mvinje na mnara, ili waamini. Nikampelekea bosi.

Aliusoma mbele yangu, uso wake ukichangamka. Akanishukuru, akasema hiki hasa ndicho kilichokuwa kikikosekana. Nilitoka chumbani kwake nikiwa mwepesi, na jioni ile nilishuka kituo kimoja kabla ya mwisho nikatembea hadi nyumbani, kwa raha tu.

Wiki iliyofuata wanasheria wa ofisi waliwaandikia wavuvi wale barua mpya. Ilisema kwamba kwa maelezo ya mtaalamu wa ofisi mwenyewe, ambaye familia yake ni ya uvuvi, imethibitika kuwa boti zote kumi na moja zimekuwa zikiandika mahali pasipo pa kweli kwa miaka yote. Kwa hiyo rufaa zimetupwa. Na kwa kuwa madaftari yamekiriwa kuwa ya uongo, hata haki yao ya kutega kwenye tope inasimamishwa mpaka uchunguzi umalizike. Ukurasa wangu uliambatanishwa, jina langu na habari za baba yangu zimefichwa kwa wino mweusi.

Kabla ya hapo ofisi ilikuwa na shaka tu juu ya mtu mmoja. Kumi wengine hakuna aliyewauliza kitu. Mimi ndiye niliyewataja, wote, kwa nia njema, kwa hesabu kamili. Baba yangu alikaa miaka arobaini bila kumwambia mke wake mahali pa dema lake, na mimi mwanawe nilikwenda kuiandikia serikali siri ya bandari nzima, nikidhani serikali ikishaelewa itahurumia. Nilikuwa nimewacheka Waingereza miaka miwili kwa kudhani kwamba kitu kikishaandikwa kimekuwa sawa.

Fungu lilipewa meli mbili kubwa ambazo mitambo yake hujiandikia yenyewe mahali kila baada ya dakika kadhaa, na kwa hiyo zilikuwa na ushahidi usio na doa. Zilipeperusha bendera ya huku. Mwenye meli hizo ilikuwa kampuni ya ng'ambo, kwa walewale walioachwa. Nilimwonesha bosi. Akasema hilo liko nje ya mpango wetu. Mwezi uleule alinipa mkataba wa kudumu, kwa ajili ya maarifa yangu ya jamii za wavuvi, na nikautia sahihi kwa sababu kodi ya nyumba Walthamstow haingoji mtu ajisikie vizuri.

Siku moja asubuhi simu ya mezani ililia. Alikuwa yule binti. Alisema uchunguzi umekwisha, boti imeuzwa, baba yake hatoki tena nyumbani kwa sababu wenzake pale bandarini wanaamini kwamba ni yeye aliyesema, siku ile alipokuja London. Hawampi salamu. Alitaka kitu kimoja tu, jina la yule mtaalamu, apate kuwaonesha kwamba hakuwa baba yake.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Bosi alikuwa akipita nyuma yangu na chai yake.

"Ofisi haitoi majina," nikamwambia.

Akanishukuru kwa adabu, kama wanavyoshukuru watu wa huku hata wakifukuzwa, akakata simu.